Bondo: Mji Unaosimama Juu ya Kwato za Punda

Wageni wengi huenda Bondo kuona kaburi la Jaramogi. Mwandishi wetu alikwenda kutazama miguu ya punda, na hapo akajifunza kwamba karo ya mtoto yaweza kufungwa ndani ya ukwato mmoja.

ABIRIA anayetoka Kisumu kwenda Bondo huiacha barabara ya Busia pale Kisian, akashika mkono wa kushoto. Matatu hupita Holo, ikapanda na kushuka mpaka Ndori, njia panda ya wale wanaoelekea Luanda Kotieno kupanda feri ya Mbita. Ziwa huonekana, likajificha nyuma ya vilima, kisha likachungulia tena kwa mbali. Mashamba ni ya mahindi, mtama na mihogo, na mvua hapa si ya kutegemewa kama ile ya milimani. Kila mahali mawe yamejitokeza juu ya ardhi.

Kwa Wakenya wengi, Bondo ni nyumbani kwa hayati Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa nchi hii, aliyefariki Januari 1994 na kuzikwa Kang'o ka Jaramogi. Kwa wanafunzi, ni mji wa chuo kikuu kinachobeba jina lake. Lakini ukilala Bondo usiku mmoja tu, kitakachokuamsha alfajiri si hotuba wala kengele ya chuo. Ni kwato. Ko-ko, ko-ko, ko-ko, zikipiga lami kabla jogoo hajamaliza kuwika.

Hao ni punda wa maji. Mifereji inapokauka, na hukauka, hao ndio humfikishia mama wa hoteli maji ya chai, fundi maji ya kukorogea saruji, na mwanafunzi wa chumba cha kukodi maji ya kuoga. Hubeba pia mchanga, kuni na magunia ya mahindi. Mluo akihesabu mali yake huanza na ng'ombe, na punda humtaja mwisho kama humtaja. Hata hivyo, ng'ombe hulala akicheua huku punda yuko njiani.

Mguu haudanganyi

Siku ya pili, mwandishi huyu alikuwa amesimama kwenye kituo cha kuchotea maji, nje kidogo ya mji, alipofika mama mmoja mjane akimvuta punda jike wa rangi ya kijivu. Mtoto wake wa kiume, wa kidato cha tatu, alikuwa nyuma akimsukuma. Ilikuwa Jumanne, siku ya shule. Kijana huyo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Punda alikuwa akitembea kama mtu aliyekanyaga makaa. Mguu wa mbele wa kushoto aliuweka chini kwa haraka na kuuinua kwa haraka zaidi.

"Amekuwa mvivu," mama alilalamika. "Mwezi mzima sasa. Zamani alikuwa anakwenda safari sita kabla ya saa nne. Sasa safari mbili ni vita."

Pembeni, juu ya jiwe, alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye kofia ya zamani na mfuko wa gunia miguuni. Wachuuzi wote wa maji walimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima. Alimtazama punda kwa muda bila kusema neno.

"Nyar Asembo," alimwita mama yule kwa jina la kwao alikozaliwa, kama ilivyo ada. "Huyu si mvivu. Mvivu hulala. Huyu anaumwa."

"Jaduong', mguu hauna kidonda. Nimeutazama."

"Umeutazama kwa juu. Ugonjwa wa punda uko chini."

Akamwendea mnyama, akamsemesha polepole, akapitisha mkono begani na kuushusha mpaka kifundoni. Punda akauinua mguu. Kwa kipande cha chuma kilichopindwa ncha, mzee akaanza kukwangua uchafu akielekea mbele, kutoka kisiginoni mpaka kwenye kidole cha ukwato. Ikatoka samadi iliyoshikamana na matope, kisha kijiwe chenye ukubwa wa punje ya hindi, na baada yake harufu iliyotufanya sote tugeuze nyuso.

Ukwato wenyewe ulikuwa umerefuka kwa mbele na kupinda kama kiatu cha mwigizaji. Kisigino kilikuwa kimelala. Ubavuni palikuwa na ufa. Na juu ya yote hayo, mtu alikuwa amejaribu kuupunguza kwa panga.

"Nani alikata hapa?" mzee aliuliza.

Kijana wa kidato cha tatu akatazama chini. Mzee hakumgombeza. Alisema tu kwamba hata yeye aliwahi kumharibu punda, na ameishi na kumbukumbu hiyo miaka mingi.

Punda si farasi mdogo

Mzee huyu alipokuwa kijana alifanya kazi ya usaisi Nairobi, akiwahudumia farasi wa mbio za Ngong Road. Huko farasi huvishwa viatu vya chuma vinavyopigiliwa kwa misumari kwenye ukingo wa ukwato, mahali pasipo na hisia, kama vile ncha ya ukucha wako isivyouma unapoikata. Aliwatazama mafundi mpaka akaijua kazi. Alipostaafu na kurudi nyumbani akadhani ameleta elimu yote.

"Punda wa kwanza niliyemkata nilimpa umbo la mguu wa farasi," alisimulia. "Nilikuwa nimeupenda mno ule mlalo. Siku tatu hakuweza kusimama vizuri. Ndipo nikajua kwamba mwalimu wangu ni punda mwenyewe."

Na kweli, maumbile yao ni mbalimbali. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama wima zaidi kuliko wa farasi. Babu zake ni punda mwitu wa nyika kavu za upande wa Somalia, Eritrea na Ethiopia, waliotembea mwendo mrefu juu ya mawe makali kutafuta majani machache. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa tupa yao. Ukwato ulikua, mawe yakausaga, hesabu ikawa sawa.

Punda wa Bondo ameletewa maisha mengine. Msimu wa masika hulala kwenye boma lenye matope na mkojo. Ukwato wake hufyonza maji kwa urahisi kuliko ule wa farasi, ukalainika, ukaingiza mchanga na vijidudu katika mstari mweupe unaounganisha ukuta wa ukwato na wayo. Kukipambazuka hutolewa nje akiwa na mzigo, akatembea juu ya lami na kokoto. Upande mmoja huisha, mwingine hurefuka. Naye punda wa siku hizi anayefungwa kigingini bila kazi hana mawe ya kumsaga kabisa, kwa hiyo kwato zake hukua ovyo.

Ni kweli kwamba baadhi ya watu hufikiri dawa ni kumvisha punda viatu vya chuma. Jaduong' hakubaliani nao. Kwa punda wengi, mguu usiovishwa kitu ndio bora, mradi upunguzwe kwa wakati. Wayunani walijua habari hiyo zamani. Xenophon, aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kabla viatu vya kupigilia misumari havijazoeleka Ulaya, alishauri uwanja mbele ya zizi umwagwe mawe ya mviringo ili kwato zipate kukomaa.

Kazi ilivyofanywa

Mzee alitoa vifaa vyake vitatu: koleo la kukatia, kisu kifupi kilichopindwa ncha, na tupa ndefu. Alianza kwa kisu, akaondoa vipande vilivyokufa kwenye wayo. Ile nyama ngumu yenye umbo la pembe tatu iliyo katikati ya ukwato hakuigusa ila sehemu iliyooza, kwa sababu hiyo ndiyo mto wa punda wa kukanyagia. Kwa koleo akapunguza ukuta uliozidi, kidogo kidogo, akizunguka. Mwisho akapiga tupa mpaka ubavu wa ndani na wa nje ukawa sawa, kisha akarudi nyuma hatua tatu kutazama kama ukwato na mfupa ulio juu yake vimefuata mstari mmoja.

"Mbona umeacha mrefu bado?" aliuliza kijana.

"Kwa sababu mishipa ya ndani imeufuata urefu huo," mzee alijibu. "Nikiumaliza leo, nitakata nyama. Nitatoa kidogo leo, kidogo baada ya mwezi, kidogo tena. Uliopinda kwa mwaka haunyooki kwa asubuhi moja."

Kwa punda ambaye kwato zake si mbovu, muda wa kawaida ni kila baada ya wiki sita hadi kumi.

Chini ya ule ufa ndimo ulimokuwa usaha. Mzee alipofungua tundu dogo, maji meusi yakatoka na punda akashusha pumzi ndefu. Hapo hapo aliamuru mguu utumbukizwe katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ufungwe kitambaa safi, na afisa wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo amchome sindano. Alisisitiza jambo hilo mara mbili. Wanyama wa jamii ya punda na farasi hushikwa upesi na ule ugonjwa wa kukaza misuli uingiao kwa vidonda vyenye udongo na samadi. Si bure kwamba Kiswahili chetu kimeuita pepopunda.

Chakula kwanza, tupa baadaye

Mwandishi huyu alifikiri kazi imekwisha. Mzee akauliza swali ambalo halikutarajiwa.

"Nyar Asembo, anakula nini?"

Mama alijibu kwa fahari. Kwa kuwa punda alikuwa amedhoofika, alikuwa amemwongezea pumba za kinu cha posho, mahindi ya punje, na ugali uliolala. Alikuwa akijinyima yeye na watoto ili punda apate nguvu.

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Ukwato hutengenezwa kwa keratini, protini ile ile iliyo katika kucha na nywele zetu. Ili uwe mgumu unahitaji protini nzuri, madini ya zinki na shaba, na vitamini iitwayo bayotini. Sehemu kubwa ya bayotini hiyo punda hujitengenezea mwenyewe, kwa msaada wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake, alimradi vijidudu hivyo vipate nyuzinyuzi za majani makavu. Ukimjaza mahindi na ugali, unawavuruga. Zaidi ya hayo, wanga mwingi, kama vile majani mabichi mengi ya mwanzo wa mvua, unaweza kuwasha moto ndani ya kwato. Mishipa huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimbia, na maumivu yake hayana mfano. Ukiona punda anaegemea nyuma, kwato zina joto na mshipa wa kifundoni unadunda kwa nguvu, usingoje kesho kumwita daktari wa mifugo.

Basi punda ale nini? Chakula chake cha asili ni kikavu na cha bei nafuu: nyasi kavu, mabua ya mtama na ya mahindi. Mnyama wa kilo 150 hutosheka na kilo mbili hadi tatu za chakula kikavu kwa siku, na zaidi kidogo akiwa na kazi nzito. Aongezewe konzi chache za majani ya viazi vitamu au ya njugu kwa ajili ya protini, na jiwe la chumvi ya mifugo yenye madini. Na anywe maji. Ni aibu iliyoje kwamba yapo mapunda Bondo yanayobeba maji kutwa na kurudi yakiwa na kiu! Punda huhitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kulingana na jua na kazi.

Kisha mzee akageukia mzigo. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa punda wa kilo 150. Mgongoni haifai kuzidi kilo 50 hivi. Mkokoteni wenye magurudumu mazuri humpunguzia, kwa kuwa uzito hukaa juu ya ekseli wala si juu ya kwato nne.

Mnunuzi aliyekuwa akingoja

Hapo ndipo mama alipotoa siri iliyokuwa ikimsumbua. Mtu mmoja alikuwa ameahidi kumnunua punda huyo, mgonjwa alivyo, kwa fedha taslimu. Hakusema anampeleka wapi. Fedha hizo zingelipa karo ya muhula na kubakisha kidogo.

Msomaji atakumbuka habari za ngozi za punda. Kuanzia mwaka wa 2016 vichinjio vinne vya punda vilifunguliwa nchini, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ili ngozi zipelekwe China kutengenezwa ejiao, dawa ya kienyeji ya huko. Katika muda usiofika miaka mitatu, zaidi ya punda 300,000 walichinjwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini, na ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Wizi wa punda ukazagaa, watu wakaamka na kukuta mizoga isiyo na ngozi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikalibatilisha katazo hilo mwaka wa 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15.

Lakini makubaliano ya Addis Ababa hayalipi karo Bondo. Mama alikuwa na hesabu yake, na ilikuwa hesabu ya kweli.

"Jaduong', ukisema apumzike, atapumzika muda gani?"

"Wiki tatu bila mzigo. Labda nne."

"Na maji nitabeba kwa nini? Kichwa changu hiki?"

Mzee alikaa kimya. "Ukimuuza, utalipa muhula mmoja," alisema hatimaye. "Muhula wa pili utauza nini? Punda akitunzwa anaishi miaka 25, hata 30. Huyu meno yake ni ya miaka minane. Lakini ni punda wako, si wangu. Mimi siwezi kukuamulia."

Hakuna aliyesema neno. Kisha kijana mmoja mchuuzi, aliyekuwa akijaza mitungi yake wakati wote huo, akasema bila kugeuka kwamba punda wake humaliza kazi saa tano. Kuanzia saa kumi jioni jua likipoa, mama angeweza kumchukua kwa safari mbili, siku tatu kwa wiki. Alitoa sharti moja. Asipakiwe mitungi minne.

Mama hakujibu papo hapo. Alimtazama punda wake, aliyekuwa amesimama na mguu ndani ya karai, macho nusu yamefumba. Kisha akamwambia mwanawe akatafute kitambaa kingine safi.

Miezi miwili baadaye

Mwandishi huyu alirudi Bondo baada ya miezi miwili. Alimkuta punda wa kijivu akivuta mkokoteni wa kukodi, akikanyaga chini kwa miguu yote minne. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa amerudi shuleni, ingawa deni la karo bado lilikuwepo na mama alikuwa akililipa kidogo kidogo. Asingependa niandike kwamba mambo yote yamekuwa mazuri, kwa hiyo siandiki hivyo.

Alinionyesha kitu. Juu kabisa ya ukwato, pale nywele zinapoishia, palikuwa na ukanda mpya, laini, usio na ufa, upana wa kidole kimoja. Chini yake ukwato wa zamani bado ulikuwa na makovu yake. Hukua milimita sita hadi tisa hivi kwa mwezi, na ule wa zamani utachukua karibu mwaka mzima kuisha. Ndiyo sababu anayebadilisha chakula cha punda hapaswi kutafuta matokeo wiki ijayo.

"Huu ndio wa mabua," mama alisema, akiugusa ukanda mpya. Kisha akateremsha kidole kwenye nyufa za chini. "Na huu ndio wa ugali."

Boma lake sasa limeinuliwa kwa changarawe na kuchimbiwa mfereji wa kupitishia maji. Kila jioni mwanawe akiwa nyumbani, na yeye mwenyewe akiwa hayupo, punda huinuliwa miguu yote minne na kukwanguliwa. Ni kazi ya dakika kumi, haihitaji fedha wala diploma. Panga limerudi shambani.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Nilimuuliza Jaduong' anaionaje methali hiyo, yeye ambaye ameinua miguu ya punda maisha yake yote. Alicheka, akakunja suruali kunionyesha kovu la zamani kwenye muundi.

"Hili ni la yule wa kwanza, niliyemkata vibaya," alisema. "Mwanangu, lilikuwa haki yake."